Nyumba Kubwa, na Watu Nje

Wino wa kuchorea ukimwagika kwenye karatasi, usiufute. Uache ukauke, halafu uuparure kwa wembe mpya, polepole, mkono umeulaza, kisha pasugue pale kwa ukucha mpaka karatasi irudi laini. Ukifuta ungali maji umeshaharibu kazi ya siku nzima. Nakuambieni haya, wanangu, na huku najua kuwa hayatakufaeni kwa lolote. Wino wenyewe siuoni tena Ibra, na mara ya mwisho nilipouulizia Nizwa, kijana wa dukani aliniletea wino wa printa, tena kwa adabu kubwa. Lakini mmenitaka niandike mambo ya kazi, na mambo ya kazi yangu ndiyo haya. Mengi yamekufa, na waliokuwa wakiyajua wamekwenda nayo.

Mimi nilikuwa mchoraji wa ramani katika skuli moja ya ujenzi huko Nizwa. Jina lake silitaji, kwa sababu baadhi ya watu wake wangali hai na mimi bado napenda kualikwa kwenye harusi zao. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Oman msichana, na Kiarabu changu cha mwanzo kilikuwa cha kusalia na cha kuombea maji ya kunywa. Chumba changu cha kuchorea kilikuwa nyuma ya karakana. Karakana ilikuwa ya Fundi Nasor.

Fundi Nasor alikuwa Mpemba, seremala, mtu mrefu mwenye masikio makubwa ambamo vumbi la mbao lilikuwa halitoki hata siku ya Idi. Kwao alijifunza kuchonga milango. Alipofika huku akakuta kila mtu anataka mlango wa chuma uliopakwa rangi ya dhahabu, basi akaingia skulini kutengeneza mifano ya majengo ya kusomeshea wanafunzi. Mkewe alikuwa Al Kamil wal Wafi, kwenye barabara ya Sur, na yeye wiki nzima akilala Nizwa katika chumba cha kupanga, kisha siku za mapumziko anarudi kwake. Alinifunza kushika patasi, kunoa penseli kwa kisu na kunyamaza. La mwisho sikulishika vizuri, kama mnavyoona.

Msinichukulie kuwa nawaonea gere. Najua kuwa siku hizi nguzo mnaichora kwenye skrini, mnabonyeza, na mashine inaitoa ya plastiki nyeupe, haina kasoro. Nimeishika moja, mjukuu wangu aliniletea. "Bibi, tazama kitu yangu," akaniambia, nami nikaitazama hiyo kitu yake, nikamwambia mashaallah. Nyepesi kama ganda la yai. Nikairudisha mezani, nikaenda zangu kulala mchana.

Sasa hilo hekalu. Alikuja skulini mhadhiri wa historia ya ujenzi, bibi mmoja wa nchi za Sham, sote tukimwita Daktari. Akataka mfano mkubwa wa hekalu la Wayunani wa kale, urefu wake mtu mzima akilala, na paa lake liwe la kufunuliwa ili wanafunzi waone ndani. Alikuwa amechoka, alisema, kuwasomesha nyumba kwa picha. Akaniletea vitabu vyake, nikachora, na siku nilipomaliza nikamtandazia Fundi ramani juu ya meza ya karakana.

Hekalu la Wayunani si gumu kulijua. Katikati pana chumba kirefu kisicho na dirisha, ndimo linamokaa sanamu la mungu wao. Mbele ya chumba pana ukumbi mdogo wenye nguzo mbili. Nyuma pana ukumbi mwengine kama huo, umegeuzwa mgongo, na mlango wa kuingilia chumbani hauna. Halafu nguzo zinalizunguka jengo zima pande zote nne. Ukikuta sita mbele, ubavuni utakuta kumi na tatu, ile ya pembeni ukiihesabu pande zote mbili. Kanuni yao ni mara mbili na moja juu, ingawa wako walioivunja. Chini pana ngazi tatu, kubwa kuliko mguu wa mtu. Majina yake ya Kiyunani Daktari alituandikia kwenye karatasi, na Fundi akayatupa siku hiyo hiyo.

"Hili daka," akasema, akiweka kidole kwenye ukumbi wa mbele. "Hii ndani. Hili la nyuma ni daka la uwongo, halina mlango. Na hizi zote baraza."

"Ndiyo, Fundi."

"Baraza pande nne, na hapana pa kukaa. Watu gani hawa, mwanangu?"

Kuanzia hapo karakana nzima tukasema daka na baraza, kama ukumbi wa mlangoni na vibaraza vya nyumba za kwetu, hata wanafunzi wa Kiarabu tupu wakasema daka. Daktari alikereka mwanzo, mwisho naye akasema daka.

Hapo tena tukakosea, na kosa lenyewe sidhani kama angelikosea mtu mwengine ila watu kama sisi. Mahekalu hayo mengi mlango wake unatazama mashariki. Sasa kwa mtu wa Nizwa, mlango ukiwa mashariki, anayeingia uso wake unaelekea magharibi, na magharibi ndiko kibla. Hapana aliyesema kitu. Tuliona tu kuwa jengo limekaa vizuri, kama tunavyolijua. Fundi akaitazama ramani yangu pale chumbani, ambapo nilichora safu mbili za nguzo ndogo, moja kulia na moja kushoto, zimepandana ghorofa mbili kushikilia paa. Akatikisa kichwa.

"Hizi zitakata safu," akasema. "Watu watasimama vipi kusali?"

Nami, Mungu anisamehe kwa akili ndogo, nikaona ana haki. Nikachukua wembe nikaziparura zote. Fundi akajenga chumba kitupu, kipana, kisafi, mtu ungependa kukitandika jamvi.

Daktari alipokuja kukagua aliinama akachungulia, akainuka, akainama tena. "Wen al-amida, ya ustadh?" akauliza. Nguzo ziko wapi? Fundi akamweleza habari ya safu, kwa Kiarabu chake cha Pemba, mikono ikimsaidia. Daktari alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la vumbi la mbao na abaya yake nyeusi. Alipopata pumzi akatueleza. Hapana mtu aliyekuwa akisali mle ndani. Ile ni nyumba ya sanamu na mali zake. Kuhani huingia, na watu hubaki nje, mbele ya mlango, kwenye madhabahu iliyo wazi juani, wachinje vyao na waombe vyao, kisha waende zao.

Fundi hakucheka. Akaniuliza mimi kwa Kiswahili, kama vile Daktari hayupo: "Nyumba kubwa yote hii, na watu nje?"

"Ndivyo anavyosema, Fundi."

"Maskini wa Mungu," akasema, akarudi kwenye patasi zake.

Kuna jambo la sanamu pia. Daktari alitaka ndani ya hekalu muwe na sanamu dogo, na Fundi alikataa. Alisema amechonga maua, amechonga mnyororo, amechonga samaki mmoja katika ujana wake na huyo samaki bado anamsikitikia, lakini mtu hachongi. Basi tukaweka kiti chake tu, kitupu. Mwanafunzi mmoja akauliza mungu wao yuko wapi, na Fundi akamjibu, "Tala. Katoka." Miaka mingi baadaye nilikutana na mwanafunzi huyo katika duka la dawa Sur, mtu mzima mwenye mvi, na hilo ndilo jambo pekee alilolikumbuka katika masomo ya historia.

Naona nimecheka peke yangu hapa nikiliandika. Ngojeni niendelee na lile lisilochekesha.

Hekalu la Wayunani, wanangu, ni jengo lililotengenezwa kwa kuyaonea huruma macho. Jicho la mtu ni tapeli. Mstari mrefu ulionyooka jicho huuona umebonyea katikati, na nguzo iliyonyooka huiona imenywea kama mgonjwa. Wayunani walilijua hilo. Katika mahekalu yao bora waliinua sakafu kidogo pale katikati. Nguzo wakazitia kitumbo chembamba, wakaziinamisha ndani kidogo, na zile za pembeni wakazifanya nene kuliko wenzao, kwa sababu zinasimama na mwanga nyuma yake na mwanga unakula unene. Jengo zima halina mstari ulionyooka, na ukilitazama unaona kila kitu kimenyooka.

Hayo yote Fundi aliyataka kwenye mfano wetu. Daktari mwenyewe alisema haina haja, kwa ukubwa ule hapana atakayeona. Fundi akasema kazi ya mtu haikaguliwi na mwenye haraka. Akachagua mkunazi, mbao ngumu ya huku kwetu, akazikereza nguzo moja moja na kuzichonga mifuo, ile mifereji myembamba ya kushuka toka juu mpaka chini, kwa patasi ndogo aliyoitengeneza kutokana na sindano ya kushonea magunia.

Na wakati anavifanya hivyo vitumbo na miinamo kwa ajili ya macho ya watu, yake yalikuwa yanakwenda.

Nilianza kushuku nilipomwona anaitafuta patasi kwa kupapasa mipini. Halafu akawa ananitaka nimsomee vipimo nilivyoviandika kwa tarakimu kubwa. Siku moja nikamkuta anapiga msasa upande wa nguzo ambao umeshakuwa laini, na upande wenye makovu ameuacha.

"Fundi, macho yana nini?"

"Vumbi hili."

"Fundi."

Akaweka msasa chini. "Kisukari, mwanangu. Tabibu kanambia zamani. Kimeyala yote mawili. Nakuona wewe kama mtu yuko nyuma ya pazia." Kisha akasema lile ambalo sijalisahau. "Usimwambie mudiri wa karakana. Mie nimelijenga hili vipande vipande. Daka liko kabatini, baraza liko chini ya meza, paa liko kwako. Nataka lisimame, nilishike zima siku moja. Baada ya hapo wanipeleke wanakotaka."

Ninyi mnafanya kazi na watu, basi jifunzeni hili kwangu: mtu akikuomba kitu kidogo hivyo, ujue hicho ndicho alichobakisha.

Tukabadilisha namna ya kufanya kazi. Nikawa simchorei tena kwenye karatasi. Namkatia kalibu za bati za kupimia umbo, kila nguzo na kalibu yake, nikilipinda lile tumbo kama ninavyotaka litoke, na pembezoni nikitia pengo dogo kwa msumeno, moja kwa nguzo za kawaida, mawili kwa zile nene za pembeni. Yeye akiiweka kalibu kwenye mbao na kupitisha ukucha. Ukucha ukikwama, anapunguza. Ukipita, anasema "khalas" na kuchukua nyengine. Wanafunzi walikuwa wanamwona hivyo, ameinua uso juu na mikono inafanya kazi chini, wakadhani anaringa.

Zile nguzo za ndani, zile tulizoziparura kwa ajili ya safu, ndizo alizozichonga mwisho. Ni ndogo, za chini hazizidi kidole cha kati, na za juu yake ndogo kuliko hizo. Alipozichonga alikuwa haoni kabisa. Nilizitazama kwa kioo cha kukuzia zilipomalizika, nikitafuta kosa, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kutafuta makosa. Mifuo imekaa sawa yote. Nilikaa kwenye kiti changu nikalia, sikuona haya, na sioni haya sasa.

Mudiri, mkubwa wetu wa karakana, alijua mwisho. Alimwona Fundi anapeleka mkono kwenye msumeno wa umeme unaozunguka, anautafuta ulipo kwa sauti yake. Alipiga ukelele, akazima umeme wa jengo lote. Hakuwa mtu mbaya. Alimshika Fundi mkono akamkalisha, akamletea maji, na siku ile ile akaamuru arudishwe kwake Al Kamil, apumzike. Mimi nilimwambia, mwache japo tulisimamishe hekalu kwanza, limebaki kuunganishwa tu. Akanambia, "Ya Zuwena, akikatika mkono utamwambia nini mkewe?"

Basi tukaliunganisha sisi, bila ya yeye. Nguzo za ndani nilizitia mimi mwenyewe, kwa koleo na gundi, pumzi nimezibana. Jioni alinipigia simu.

"Zile za ndani umezitia?"

"Nimezitia, Fundi. Zote."

"Hazikati safu?"

"Hapana wa kusali mle, Fundi."

Akacheka kidogo. "Nitakuja kulishika," akasema.

Lakini mguu ukamharibikia, kisukari hicho hicho, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Hekalu likahamishiwa ukumbi mkubwa wa skuli. Mimi nikastaafu katika muda huo, nikakaa Ibra, nikawa kila nikimpigia Fundi simu khabari ni moja: wiki hii sitoki, labda ijayo. Hatimaye mkewe akanipigia yeye. "Njoo umchukue," akasema. "Keshavaa."

Nilimwomba mudiri ruhusa kwa simu, akaitoa kwa moyo mkunjufu. Aje wakati wowote, akanambia, ukumbi ni wake, na tumemtengenezea hekalu lake vizuri atafurahi. Nikaendesha mpaka Al Kamil. Fundi alikuwa kibarazani na dishdasha iliyopigwa pasi, kilemba kipya, uso umeingia ndani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akashika bega langu mpaka garini. Njiani alinisemesha mambo ya mbao tu. Mwanzi unapasuka kwa sababu gani. Msaji wa siku hizi si msaji. Tulipopita Ibra akaniomba nifunge dirisha, na akaanza kusugua vidole vyake kwenye magoti, vile alivyokuwa akivisugua kabla ya kugusa kazi iliyokwisha pigwa msasa.

Tulipofika skulini, nililiona hekalu nikiwa bado mlangoni mwa ukumbi. Walikuwa wamelitia ndani ya sanduku la kioo.

Kioo kinene, kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa changu, kimegandishwa pembe zote kwa gundi nyeupe. Ndani taa, na hekalu limesimama zuri kuliko nilivyolikumbuka, paa limefunikwa. Mudiri alikuwa pale anatabasamu. Vidole vya wanafunzi vilikuwa vinaliharibu, akanieleza kwa sauti ya chini, sasa litaishi. Nikamwuliza linafunguliwa wapi. Halifunguliwi, akasema, mafundi wa kioo walikuja kutoka Maskati. Kisha akamtazama Fundi, akaitazama mikono ya Fundi iliyokwisha nyooka mbele, na nikaona tabasamu linamwondoka. "Siku nyengine, inshaallah," akasema. "Tutawaita waje walitoe." Siku nyengine haikuwako.

Fundi alikwenda mbele mikono imetangulia, na viganja vyake vikagonga.

"Nini hiki?"

"Kioo, Fundi. Wamelizungushia kioo."

Akatembeza kiganja kulia mpaka akaikuta pembe, akageuka nayo, akaufuata ubavu wote mrefu, pembe nyengine, akaja mpaka pale alipoanzia. Alilizunguka lote pande nne, polepole kwa ajili ya mguu, nami nyuma yake. Kisha akauliza mlango uko upande gani. Nikamsimamisha mashariki, mbele ya daka.

"Zile za ndani zipo?"

"Zipo."

"Unaziona?"

Nikaweka paji la uso kwenye kioo, nikatazama kupitia baina ya nguzo za baraza, kupitia dakani, mpaka kwenye mlango. Ndani ya mlango palikuwa na kiza tu.

"Sizioni, Fundi. Lakini zipo. Nimezitia kwa mkono wangu."

"Basi leo tuko sawa, mimi na wewe," akasema.

Alikaa pale kidogo, viganja vyote viwili juu ya kioo, kama mtu anayeota moto ambao haumfikii. Halafu akaniambia nimpeleke nyumbani, mkewe asije akakaa na chakula kinapoa. Tulipofika mlangoni niligeuka kutazama nyuma. Mfagiaji alikuwa amekuja na kitambaa na chupa ya dawa, anazifuta alama za vidole kwenye kioo, akizunguka pande zote nne.